Kiwanja cha maegesho katikati ya jiji: kiachwe wazi, kijengwe juu, kichimbwe chini au kiwe nyumba?

Kila jiji lina kiwanja cha namna hii: nusu ekari ya lami au kokoto katikati ya maghorofa, mlinzi kwenye kibanda cha mabati, magari yamepangwa bampa kwa bampa tangu saa mbili asubuhi, na mwenye ardhi anayejua kwamba kiwanja kina thamani kuliko vyote vilivyoegeshwa juu yake. Siku ya kuamua ikifika, ubishi huwa ule ule. Wenye maduka wanasema maegesho yakiondoka na wateja wataondoka. Wapangaji miji wanasema ardhi ya katikati ya jiji haifai kulaza magari. Diwani anataka jengo la maegesho la ghorofa tano ambalo atakata utepe wake.

Majiji mengi ya Marekani yameshapita njia hii. Kuanzia miaka ya 1950 yalibomoa majengo ya zamani ili yapate pa kuegesha, na leo mabaraza yake yanahangaika kurudisha nyumba na maduka mahali pale pale. Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam hazijafika huko, kwa hiyo zina nafasi ya kusoma hesabu za wenzao kabla ya kulipa ada hiyo.

Hapa tunaweka chaguo nne sambamba kwa kiwanja kimoja cha mfano: mita 36 kwa 55, karibu mita za mraba 2,000, barabara ikiwa upande mmoja mfupi. Msimamo wetu tunausema mapema. Mara nyingi kinachoitwa upungufu wa maegesho ni bei mbaya ya kuegesha ukingoni mwa barabara, na jiji linalojenga kabla ya kuirekebisha bei hiyo hujipatia jengo lililo nusu tupu huku barabara iliyo mbele yake imejaa magari yanayozunguka.

Hesabu kabla ya michoro

Chagua Jumanne, Jumatano au Alhamisi isiyogusana na sikukuu wala mwisho wa mwezi, pamoja na Jumamosi moja. Chora eneo la mwendo wa dakika tano kwa miguu kuzunguka kiwanja, mita kama 400 kila upande. Kila mhesabuji apewe nafasi zisizozidi 80, apite kila nusu saa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, na aandike tarakimu na herufi za mwisho za namba ya kila gari. Kuhesabu idadi peke yake hakutoshi, kwa sababu hakuonyeshi nani amekaa kwa muda gani.

Karatasi hizo zitakupa mambo mawili: ujazo wa kila saa, na muda wa kila gari. Gari lililoonekana mizunguko 16 mfululizo limekaa saa nane, na hilo si la mteja. Ni la mwenye ofisi, la karani, na mara nyingine ni la mwenye duka yule yule anayelalamika kwamba wateja wake hawana pa kuegesha. Takwimu hii peke yake imewahi kumaliza vikao vingi vilivyoanza kwa makelele.

Usiishie barabarani. Ingia kwenye besimenti za ofisi, hoteli na benki za jirani, uhesabu saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku. Ukiona ukingo wa barabara umejaa asilimia 95 na besimenti zimejaa asilimia 60, nafasi zipo, ila zimefungwa kwa wapangaji wa jengo au bei yake inamfukuza mtu akazunguke nje. Kukodi nafasi hizo kwa mkataba wa mwezi, au wa usiku na Jumapili tu, ni kazi ya majuma machache.

Kiwanja kile kile, njia nne

| | Wazi | Jengo la ngazi tano | Ngazi mbili chini, bustani juu | Nyumba na maduka |
|---|---|---|---|---|
| Magari | kama 70 | kama 270 | kama 110 | 0 hadi 15 |
| Eneo kwa gari moja | m² 28 | m² 33 | m² 36 | – |
| Muda wa ujenzi | wiki chache | miezi 12–18 | miaka 2 na zaidi | miezi 18–30 |
| Gharama kwa nafasi | ndogo | kubwa | kubwa kupita zote | – |
| Kubadilisha baadaye | rahisi | vigumu | karibu haiwezekani | vigumu |

Kuhusu gharama: kwa bei za Marekani za miaka hii, nafasi moja kwenye kiwanja wazi ni dola elfu chache, kwenye jengo la ghorofa inakaribia dola 30,000 bila bei ya ardhi, na chini ya ardhi inaweza kufika mara mbili ya hapo. Kwetu saruji, nondo na vibarua vina bei nyingine, hivyo usizihamishe tarakimu hizo. Mwite mkadiriaji majenzi. Ila uwiano kati ya chaguo hizo haubadiliki sana, kwa sababu unatokana na kiasi cha zege na udongo.

Kukiacha wazi

Si ujinga kila mara. Kiwanja wazi kinaingiza pesa tangu siku ya kwanza na hakimfungi mwenyewe. Nafasi 70 kwa shilingi 300 za Kenya kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni Sh546,000 kabla ya mlinzi, taa na kodi. Linganisha na kodi ya pango ya ghorofa moja tu ya maduka barabara hiyo hiyo, utaona kwa nini wenye ardhi wengi wanasema wanasubiri.

Muda wanaosubiri unategemea sana kodi. Marekani kodi ya mali kwa kawaida hukadiriwa kwa ardhi pamoja na jengo, kwa hiyo anayejenga hupandishiwa na anayeweka lami huachwa. Mike Duggan, akiwa meya wa Detroit, alipendekeza mwaka 2023 kupandisha kodi ya ardhi na kushusha ya majengo ili kuwasukuma wenye viwanja vitupu, lakini pendekezo halikupita kwenye bunge la jimbo. Nairobi kwa desturi imekuwa ikitoza kwa thamani ya ardhi bila jengo, jambo ambalo Detroit ililitamani. Tanzania iko upande wa pili: kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kiwanja kisicho na jengo kinabaki na kodi ya pango la ardhi tu.

Ukikiacha wazi, kitengeneze. Mwinuko wa 1 kwa 60 kuelekea mtaro, la sivyo maji yanatuama na lami inachimbika ndani ya misimu miwili ya mvua. Matofali ya kabro yanavumilia mafuta yanayodondoka kuliko lami na yanang'olewa kirahisi siku ya kujenga. Nafasi za mita 2.5 kwa 5 na njia ya mita 6 katikati. Kiwanja kikiwa chembamba, laza mistari kwa nyuzi 60, njia iwe ya upande mmoja, mita 4.2 zinatosha. Kupanga bampa kwa bampa kunaongeza magari hadi kama 95, lakini lazima funguo ziachwe, na funguo zikiachwa lazima kuwe na bima na daftari. Mikwaruzo inayogombewa jioni hula faida haraka.

Na kiwanja wazi kina matumizi mengine ambayo jengo halina. Kwa miaka mingi, Jumamosi maegesho ya Mahakama Kuu jijini Nairobi yaligeuka Soko la Wamaasai: magari yalitoka, shanga, vikoi na vinyago vikatandazwa juu ya mistari ya maegesho.

Jengo la maegesho

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na nyingi hupotea kwenye karatasi kabla ya shimo la kwanza la msingi.

Anza na upana. Safu mbili za magari na njia katikati ni mita 5 + 6 + 5, yaani 16. Kiwanja chetu cha mita 36 kinapokea mikanda miwili kama hiyo na kubakiza mita 4 za kuta, nguzo na ngazi. Kiwanja cha mita 27 kinapokea mmoja na kupoteza mita 11. Ploti ya 50 kwa 100, yaani futi hizo tulizozizoea, ni mita 15 kwa 30: haiingizi hata mkanda mmoja kamili, wala mteremko wa kupandia. Anayekuuzia jengo la maegesho kwenye ploti hiyo anakuuzia mashine za kuinua magari, na hapo umeme ukikatika saa kumi na moja jioni wateja 40 wanasubiri jenereta.

Mteremko: kutoka sakafu hadi sakafu ni karibu mita 3. Kwa mwinuko wa 1 kwa 8 unahitaji mita 24, pamoja na mita 3 za mwinuko nusu juu na chini ili bampa na tumbo la gari visikwaruze. Hivyo ni mita 27 hadi 30, upana usiopungua mita 3 ukinyooka na zaidi ukipinda. Mteremko huo unakula nafasi 8 hadi 10 kila ngazi, ndiyo maana kiwanja kilichobeba magari 70 kikiwa wazi kinabeba kama 60 kwa sakafu kikijengwa. Ngazi nne kwa 60, na ngazi ya chini nusu magari nusu maduka, ni 270. Mchoro unaodai 350 kwa kiwanja hicho urudishe.

Nguzo ni adui wa pili. Zikipangwa kila mita 5, magari mawili yaliyo katikati yake hayafungui milango vizuri. Umbali wa mita 8 kati ya nguzo unatoa nafasi tatu kamili za mita 2.5 na nusu mita ya nguzo yenyewe. Nguzo isisimame kwenye kona ya njia; irudi nyuma karibu mita moja ili gari ligeuke. Nafasi iliyobanwa na ukuta ipewe sentimita 30 za ziada, vinginevyo itakaa tupu milele ingawa kwenye mahesabu ya mapato imeandikwa.

Urefu wa chini ya boriti: mita 2.1 zinatosha kwa gari dogo. Hazitoshi kwa Hiace ya paa refu wala Land Cruiser yenye keria na mabomba yake. Ukitaka hayo yaingie, toa mita 2.4 kwenye ngazi ya chini na uning'inize bomba jepesi la onyo nje ya lango, siyo ndani ambako dereva hana pa kurudi.

Halafu lango. Mkusanyaji anayepokea pesa taslimu na kurudisha chenji anatumia kama sekunde 25 kwa gari, sawa na magari 144 kwa saa. Magari 270 yakitaka kutoka saa kumi na moja na nusu, la mwisho litatoka baada ya karibu saa mbili. Dawa ni kulipa kwa simu au kwenye kaunta kabla ya kuingia garini, njia mbili za kutokea, na nafasi ya magari manne au matano kupanga foleni ndani ya kiwanja. Foleni ikitoka barabarani, umehamisha tatizo ulilokuja kulitatua.

Zege la maegesho linaishi maisha magumu kuliko la ofisi. Linalowa, linakauka, linatikiswa, linanyweshwa mafuta. Miji ya kaskazini mwa Marekani inaua majengo haya kwa chumvi ya kuyeyushia barafu. Mombasa na Dar chumvi inaletwa na upepo wa bahari. Inapenya nyufa, inafikia nondo, nondo zinavimba, zege linabanduka vipande. Tenga fedha za ukaguzi wa mhandisi, kuziba nyufa na kupaka upya tabaka la kuzuia maji tangu mwaka wa kwanza. Sakafu lazima iwe na mwinuko. Sakafu bapa kabisa ni bwawa. Tarehe 18 Aprili 2023 jengo la maegesho la Ann Street, Manhattan, liliporomoka na kuua mtu. Lilikuwa jengo kuukuu lenye magari hadi juu ya paa.

Moto nao usidharauliwe kwa kuwa kuta ziko wazi. Tarehe 31 Desemba 2017 moto ulioanzia kwenye gari moja uliteketeza magari kama 1,400 kwenye maegesho ya ghorofa mjini Liverpool, jengo ambalo halikuwa na vinyunyizio vya maji. Magari ya sasa yana plastiki nyingi, na matangi ya mafuta yakiyeyuka moto hutiririka kufuata mteremko hadi ngazi ya chini. Vinyunyizio, mifereji ya sakafu na njia mbili za kutokea kwa miguu viwe kwenye bajeti ya msingi, visiachwe kwenye orodha ya "tukipata fedha".

Ukishaamua kulijenga, lijenge kwa namna ya kuweza kubadilishiwa kazi baadaye. Sakafu zilale bapa isipokuwa mwinuko mdogo wa maji, mteremko ukae pembeni mahali unapoweza kubomolewa, urefu kati ya sakafu uongezwe, na zege lihesabiwe uzito wa ofisi badala ya kilonewtoni 2.5 kwa mita ya mraba za magari madogo. Jengo la kampuni iitwayo 84.51° mjini Cincinnati, Marekani, lililofunguliwa mwaka 2015, lilisanifiwa hivyo: ngazi zake za maegesho zinaweza kugeuzwa ofisi. Unalipa zaidi sasa, ila hubaki na mifupa ya zege isiyofaa kitu.

Kuchimba chini

Mfano unaotajwa na kila mtu ni Post Office Square, Boston. Jengo la maegesho la zege la miaka ya 1950 lilibomolewa, zikachimbwa ngazi saba zenye nafasi 1,400, na juu yake ikawekwa bustani ya ekari 1.7 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Imekuwa moja ya bustani zinazopendwa zaidi katikati ya jiji lile. Wanaoutaja mfano huu husahau nani alilipa: makampuni ya jirani yalinunua hisa zilizowapa haki ya kukodi nafasi, kwenye eneo la mabenki ambako maegesho ni ghali sana. Bila wapangaji wa aina hiyo, hesabu haitoki.

Kwenye kiwanja chetu ngazi mbili zinatoa magari 110, arobaini tu zaidi ya kiwanja wazi. Kwa hao 40 unachimba karibu mita za ujazo 13,000, unazuia kuta za shimo kwa nguzo zilizopangwa bega kwa bega, unapima majengo ya jirani kila juma, na unatafuta pa kumwaga udongo. Nairobi utakutana na udongo mweusi unaovimba kisha mwamba mgumu. Posta na Kivukoni, jijini Dar, utakutana na maji. Pampu mbili, moja ya akiba, jenereta yenye mafuta siku zote, na tabaka la kuzuia maji linalowekwa nje ya ukuta kabla ya kujaza udongo. Likikosewa, hakuna fundi atakayelifikia tena. Feni zinabadilisha hewa mara 6 kwa saa siku za kawaida, mara 10 kwa moshi wa moto, na bili ya umeme haisubiri wateja.

Baada ya jengo la Kariakoo kuporomoka Novemba 2024, huku kazi za kupanua sehemu ya chini zikitajwa tangu siku za kwanza, hakuna jirani jijini Dar atakayekubali shimo pembeni yake bila taarifa ya hali ya jengo lake, picha za kila ufa, na bima. Ana haki. Ziandae kabla hajaenda mahakamani.

Nyumba na maduka

Chukua asilimia 60 ya kiwanja, ghorofa sita. Chini maduka ya mita za mraba 1,200. Juu sakafu tano za 1,200, na baada ya kutoa korido, ngazi na lifti zinabaki kama 4,800 za kukaliwa: nyumba 80 za mita 60. Sasa mwambie mjenzi aweke nafasi moja ya gari kwa kila nyumba. Nafasi 80 kwa mita 33 ni mita za mraba 2,640, eneo kubwa kuliko kiwanja kizima. Atachimba, au atapunguza nyumba, au ataacha. Sharti dogo la kibali limemfanyia maamuzi.

Kwa sababu hii majiji yameanza kulifuta. London iliondoa viwango vya chini vya maegesho mwaka 2004 ikaweka viwango vya juu. Mexico City ilifanya hivyo mwaka 2017, na mwaka huo huo Buffalo, New York, ilivifuta jiji zima. Watafiti waliofuatilia Buffalo walikuta asilimia 47 ya miradi mikubwa ilijenga nafasi chache kuliko sheria ya zamani ingedai, na miradi yenye nyumba na biashara pamoja ilipunguza kwa asilimia 53. Seattle, kwenye miradi 868 iliyochunguzwa, walijenga asilimia 40 pungufu ya yale ambayo yangedaiwa, nafasi 18,000 ambazo hazikujengwa, na kuokoa dola milioni 537. Tafadhali soma upande wa pili wa tarakimu hizo: asilimia 60 zilijengwa bila kulazimishwa. Kufuta sharti hakufuti maegesho. Mjenzi hubaki kumuuliza mnunuzi.

Kinachoharibika kwenye chaguo hili kinajulikana. Wapangaji wenye magari wanamwagikia barabara za jirani, jirani wanapiga kelele, baraza linarudisha sharti. Kibali cha wakazi kwa barabara za karibu kiwe tayari kabla watu hawajahamia. Pili, nafasi chache zilizopo zisiuzwe ndani ya bei ya nyumba. San Francisco inataka majengo makubwa yazitoze kando, ili asiye na gari asimlipie mwenye nalo. Tatu, watu husahau mizigo. Nyumba 80 na maduka zinahitaji sehemu ya kushushia yenye mita 3.5 kwa 8, mahali pa bodaboda za kuleta vyakula, na nafasi mbili au tatu za watu wenye ulemavu, upana mita 3.6. Ukiziacha, lori la soda litasimama barabarani kila asubuhi na lawama zitakwenda kwa "ukosefu wa maegesho".

Kiwanja kilicho hatua chache na kituo cha mwendokasi au stendi kubwa ya matatu kinafaa chaguo hili kuliko lolote. Kiwanja kilicho mbali na usafiri wa umma, ambako mpangaji bila gari hafiki kazini, hakifai bado.

Bei ya ukingo, iliyo bure kuanzisha

Nairobi katikati ya jiji hutoza ada moja ya siku nzima. Anayefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuondoka usiku analipa sawa na aliyekuja kuchukua cheti kwa dakika 20. Matokeo yake yako wazi kwa kila dereva: ikifika saa mbili nafasi zimekwisha, na wanaozunguka ndio walioleta pesa madukani. Ada ya saa, kama inayotozwa Dar es Salaam, inafaa zaidi, ila nayo haitofautishi barabara iliyojaa na iliyo tupu.

Profesa Donald Shoup wa Los Angeles, aliyefariki Februari 2025, alitumia maisha yake kusema jambo rahisi: weka bei ya chini kabisa inayoacha nafasi moja au mbili wazi kila mtaa. San Francisco ilijaribu kwa vihisi vya kutambua magari kuanzia mwaka 2011, ikipandisha senti 25 pale palipojaa na kushusha pale palipo patupu. Mitaa kadhaa bei ilishuka. Huhitaji vihisi, karatasi za wahesabuji zinatosha kurekebisha bei mara mbili kwa mwaka. Na pesa zionekane: Pasadena, California, iliweka mita za kulipia maegesho mwaka 1993 kwa ahadi kwamba mapato yatatengeneza njia za miguu na taa za mtaa huo huo, na wenye maduka waliokuwa wakipinga wakanyamaza. Ada inayopotelea makao makuu ya jiji itapingwa kila mwaka wa uchaguzi.

Nani achague nini

Mwenye kiwanja cha binafsi asiye na mtaji, jirani hawajajenga: acha wazi, kabro, miaka mitano, kisha fikiria upya. Jiji lenye ukingo uliojaa na besimenti tupu: bei kwanza, usijenge chochote. Hospitali au soko kuu ambalo watu huja na mizigo na wagonjwa kutoka mbali, na hesabu zimethibitisha uhaba hata baada ya bei: jengo la maegesho, kiwanja kisipungue mita 34 kwa upana, sakafu bapa. Kuchimba: pale tu ambapo kuna wapangaji waliotia saini kabla. Nyumba na maduka: karibu kila kiwanja kingine kilicho karibu na usafiri.

Kabla ya kumkabidhi mwekezaji

Mwaka 2008 Chicago ilikodisha mita zake za maegesho kama 36,000 kwa miaka 75 kwa dola bilioni 1.15. Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa jiji alisema zilikuwa na thamani ya dola milioni 974 zaidi. Lakini bei peke yake siyo iliyoumiza. Jiji likifunga barabara kwa sherehe, au likitaka kuondoa nafasi kwa ajili ya njia ya baiskeli au basi, linamfidia mwekezaji. Limeuza uwezo wa kupanga barabara zake hadi mwaka 2083.

Kwa hiyo mkataba wa uendeshaji usizidi miaka 10 au 15. Baraza libaki na mamlaka ya kupanga ada na kufunga nafasi kwa idadi iliyokubaliwa kila mwaka bila fidia. Takwimu za kila muamala ziwe mali ya jiji, zikabidhiwe kila mwezi kwenye faili linalosomeka. Mapato yagawanywe kwa asilimia ya makusanyo ghafi. Faida halisi haitaonekana kamwe. Na miezi 24 kabla ya mkataba kwisha, mhandisi aliyeteuliwa na jiji akague zege, lifti, feni na pampu, na gharama ya kila kasoro ikatwe kwenye dhamana iliyowekwa benki tangu siku ya kusaini.